Siku Niliyomwambia Bi Time Asile Kitu

Mpaka leo nikienda Micheweni hupita njia ya nyuma, ile ya uwanja wa skuli, maana nikipita njia kubwa hakosi kutoka mtu mzima akaniuliza kwa upole kabisa, "Raya, vipi, mwani haujambo?" na mimi hucheka tu nikaongeza mwendo. Nitawahadithia mwenyewe ilivyokuwa, kwa sababu najua mmeshaisikia kwa watu na kila mtu ametia chumvi yake (ingawa kusema kweli haikuwa na haja ya chumvi).

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni Unguja, nasomea lishe, na kila mwanafunzi alitakiwa ajitafutie mahali pa kufanyia utafiti. Wenzangu walishapata, huyu yuko na watoto wenye utapiamlo, yule yuko na wajawazito waliopungukiwa na damu, na mimi nimeng'ang'ania jambo moja tu, chakula na umri mrefu, nataka kujua kwa nini wapo wazee wanaovuka miaka tisini wakatembea kwa miguu yao na akili zao wanazo. Niliandika barua pepe kila mahali. Wengi hawakujibu, na waliojibu walisema nafasi ni za wanaosoma shahada ya pili. Nilifika pahala nikawa naogopa simu ya mama, maana kila akinipigia kutoka nyumbani, Jadida ya Wete, lazima aniulize, "Umepata?" Ndipo mwalimu wangu mmoja, Dokta Aziza, aliponiambia kuna timu ya watafiti anayofanya nayo kazi, inakuja Pemba kuangalia wazee wanakula nini, na inamtaka mwanafunzi mmoja mwenyeji. Jumamosi watakuwa kituo cha afya cha Micheweni kwa majaribio. "Ukiwa na mzee wa kuanza naye," akasema, "nafasi ni yako."

Mzee ninaye. Bi Time, mama yake baba, anaishi hapo hapo Micheweni na shangazi yangu Maryamu, na hakuna anayejua miaka yake kwa hakika ila watoto wake wenyewe ni wazee. Amelima mwani mpaka juzi juzi tu alipokatazwa, na bado mtu akimuudhi hushuka pwani peke yake na bakora yake akakaa huko mpaka hasira ziishe. Nikamwambia Dokta ninaye bibi. Akaniambia basi, aje asubuhi bila kula, kwa sababu watamtoa damu kidogo kupima sukari na mafuta, lakini kwanza nimweleze kila kitu na akubali mwenyewe kwa hiari yake. "Umeshamwambia?" akaniuliza. "Nitamwambia, hana neno," nikajibu.

Sasa, nikavuka nikaja nyumbani, na Ijumaa baada ya Laasiri nikaenda Micheweni. Nikamkuta barazani anachambua kisamvu, nikamwamkia, akaniuliza habari za masomo, akaniombea dua ndefu, na kila nikitaka kulitaja neno sindano ulimi unakuwa mzito, kwa sababu bibi yangu sindano haziwezi, aliwahi kumkimbia nesi nikamwona kwa macho yangu. Nikajiambia, si lazima leo, kesho Dokta mwenyewe atamweleza vizuri kuliko mimi. Hilo ndilo jambo dogo nililoliamua, na yote yaliyofuata yalitoka hapo. Nikamwambia, "Bibi, kesho asubuhi usile kitu mpaka nije nikuchukue. Kuna madaktari wanataka kukuona."

Akaacha kuchambua. "Nisile hata chai?"

"Hata chai."

"Kwani mie naumwa?"

"Huumwi, Bibi. Wanakuangalia tu."

Akaninyamazia. Nikaona kimya chake ni kukubali, nikamshika mkono nikaubusu, nikarudi zangu Wete nimefurahi.

Asubuhi nilifika mapema, nimevaa koti jeupe la maabara nililoliazima kwa rafiki yangu (hakuna aliyeniambia nivae koti, nilitaka tu watu wajue kuwa na mimi ni mtafiti). Shangazi Maryamu alikuwa mlangoni kanga ya kichwa imemdondoka mabegani, na kabla sijasema salamu akaniuliza, "Mama umeshamchukua?"

"Nimchukue vipi, ndiyo kwanza nafika."

Akasema ameamka akakuta mlango wa uani uko wazi, msala wake wa kusalia bado umetandikwa, bakora haipo, na yeye akadhani nimewahi nimeondoka naye. Tukaangalia chooni, tukaangalia jikoni, tukaangalia mpaka chini ya kitanda, kitu cha kipumbavu, mtu wa umri ule ataingiaje chini ya kitanda. Jirani wa pili akasema baada ya Alfajiri aliona mtu mzima wa kike kajitanda kanga nyekundu anateremka njia ya pwani polepole. Kanga ya bibi yangu ni nyekundu.

Tukawa tunateremka pwani, mimi na shangazi na majirani, na kila tunayempita anauliza na kufuata, na simu ikalia. Dokta Aziza. "Tumeshafika kituoni, mko wapi?"

"Anaoga, Dokta," nikasema. Sijui kwa nini. Lilinitoka lenyewe.

Pwani maji yalikuwa yanajaa. Wanawake wa mwani walikuwa wanarudi, wameshafikiwa na maji mapajani, nikawauliza kwa kupiga kelele mmoja mmoja na kila mmoja akatikisa kichwa. Simu ikalia tena, nikasema sasa anavaa. Dokta akasema msihangaike, tunakuja na gari kukuchukueni. Nikaizima, nikatazama baharini, na pale kwenye vigingi vya mashamba ya mwani nikaiona kanga nyekundu inapanda na kushuka na maji, na ndani yake mna kitu kizito.

Sikumbuki kuingia majini. Nakumbuka maji yamenifika kifuani na lile koti limejaa maji linanivuta nyuma, na nakumbuka nimekikumbatia kile kitu nalia, "Bibi nisamehe, Bibi nisamehe," na huku nyuma shangazi amepiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu, na wanawake wote wakaupokea. Wanaume wawili waliokuwa wanatengeneza nyavu wakaja mbio wakanisaidia kubeba, na mmoja akataka kuifungua ile kanga kichwani, nami nikamkemea mtu mzima wa watu, "Msimfunue mbele za watu, mstirini." Kwa hiyo hakuna aliyefunua. Wakambeba hivyo hivyo alivyo kwa heshima zote, wanasoma dua, watu wamejipanga, mtu mmoja ameshika simu anawaambia wa Wete, mwengine anamwambia sheha, na mimi niko nyuma nimeshika pindo la kanga.

Tulipoweka chini mchangani yule mvuvi aliyeshika upande wa mbele akasema taratibu, kama anayemwonea haya maiti, "Jamani. Mbona huyu hana miguu?"

Shangazi akafungua. Kilikuwa kiroba cha mwani. Mwanamke mmoja nyuma yetu akasema, "Huo mwani wangu, nimeufunga kanga usimwagike, ulinichukuliwa na maji," na akaanza kuniomba radhi mimi, maskini.

Wapo waliocheka. Mimi kwa dakika moja nilipata raha isiyo kifani, nikakaa chini mchangani karibu na kile kiroba nikashukuru, kisha raha ikaniondoka yote kwa mara moja, kwa sababu kama bibi si huyu, basi bado yuko huko, na maji yameshafunika vile vigingi. Ndipo nikasikia gari inazimwa nyuma yangu. Akashuka Dokta Aziza na wageni wake wawili wa ile timu, wameelekezwa pwani na watu, akanitazama nilivyo, koti limegeuka rangi ya tope, mwani umening'inia shingoni. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Raya, huyu aliyekuwa anaoga yuko wapi?"

Nilitamani bora nife mimi.

Tukarudi nyumbani, wanaume wakabaki pwani wanatafuta kwa ngalawa. Nyumbani tulikuta habari imetutangulia. Mikeka imeshatandikwa, wanawake wamejaa ndani wanalia, sheha yuko nje na wazee wenzake wanazungumza habari ya kaburi, na kila nikisema si yeye, ule ulikuwa mwani, watu wanadhani nimerukwa na akili kwa msiba wananishika mikono wananiambia nisubiri, nitoe Inna lillahi. Mara akashuka mama kutoka Wete, amelia njia nzima, viatu mguu mbali mguu mbali. Nikamwambia, "Mama, hajafa. Ulikuwa mwani."

Akajifuta uso. "Basi yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Pwani nilikuwa na la kufanya, naingia majini, navuta, nalia. Pale nilisimama mikono mitupu mbele ya mama yangu na shangazi yangu, najua kuwa mtu wa mwisho kuzungumza na bibi ni mimi, na sijui nilimwambia nini kikamtoa nyumbani.

Basi tuko katika hali hiyo, tukaona watu uani wanapisha njia, na wanaopisha wananyamaza mmoja mmoja, mpaka kilio chote kikakatika. Alikuwa anaingia Bi Hidaya. Bi Hidaya ni mke mwenzake bibi, wote wawili wajane wa babu, nyumba yake iko njia hiyo hiyo ya pwani, na tangu matanga ya babu hawajasemezana, kwa neno moja lililosemwa siku ile ambalo kila mtu katika ukoo analitaja kivyake. Mimi nimezaliwa nimekuta hivyo. Hajapata kukanyaga ua ule. Shangazi Maryamu akasimama, akadhani amekuja kutoa mkono wa pole, na nikaona anaivuta kanga yake kichwani ili alipokee jambo kubwa kama lile.

Bi Hidaya akaegemea bakora, akatuangalia wote. "Mnamlilia nani?"

Mwanamke mmoja akamwonesha kwa kidole mlango wa Bi Time.

"Kama mwamlilia Time, Time yuko kwangu, yuwala. Mimi nimekuja kuomba chumvi, ya kwangu imekwisha."

Tulikwenda watu wote, sheha, watafiti, waliaji. Tulimkuta bibi yangu jikoni kwa Bi Hidaya, amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, sahani ya muhogo wa nazi magotini na kipande cha papa mkononi. Alipotuona tumejaa mlangoni hakushtuka. Akamtafuta kwa macho aliyevaa koti, yaani mimi, akasema, "Waambie hao madaktari wako nimekula. Nimekula nimeshiba. Ntu akishakula hapasuliwi, mie najua."

Ndipo tukafahamu. Dada yake Bi Time aliambiwa hivyo hivyo asile kitu, akapelekwa hospitali akapasuliwa, akarudi amefunikwa. Mimi wakati huo nilikuwa Unguja masomoni, msiba nilipewa kwa simu, na hilo la kutokula hakuna aliyenihadithia. Bibi yangu alikesha analifikiri, akaona hawezi kunikatalia mjukuu wake usoni, akatafuta nyumba moja ambayo hakuna atakayekwenda kumuulizia. "Nilibisha hodi hapa," akasema, "na mwenzangu hakuniuliza kitu. Alinipisha tu nikaingia." Bi Hidaya alikuwa anatafuta pa kuegesha bakora yake, akajifanya hasikii.

Dokta Aziza akavua viatu, akachuchumaa mbele ya bibi, akamshika miguu akamwamkia, akamweleza yote kuanzia mwanzo, damu ya kupima ni kidogo kama kijiko, hapasuliwi mtu, na akikataa hakuna ubaya wala lawama. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. "Sindano tu?"

"Sindano tu, Bibi."

"Mbona huyu hakusema?"

Watu wote wakanigeukia, ua mzima, na wale wageni, na mama yangu. Nimeshawahi kufeli mtihani, nimeshawahi kuanguka mbele za watu siku ya Maulidi, lakini sijaona haya kama nilizoziona pale, natona maji kwenye sakafu ya Bi Hidaya. Nikasema, "Niliogopa utakataa, Bibi." Akasema, "Ningekataa," akarudi kwenye muhogo wake.

Nafasi sikupata. Dokta alinieleza njiani, bila ukali, kuwa mtu aliyeshindwa kumwambia bibi yake hawezi kutumwa kwa mabibi za watu, na akamchukua mwanafunzi mwengine wa Chake Chake. Nililia, kisha nikaona ana haki. Mwaka uliofuata nilipata utafiti mwengine, mdogo, wa chakula cha wazee vijijini, na ndio ninaoufanya hadi sasa. Bibi hajatoa damu mpaka leo. Lakini asubuhi hushuka kwa Bi Hidaya, wakala pamoja, na ukiwauliza lile neno la matangani lilikuwa lipi kila mmoja anasema amelisahau.

Mimi nimejiwekea ahadi na sijaivunja. Nikiingia kwa mzee, nikishamwamkia tu, kabla sijaletewa kiti, natoa sindano mkobani nikamwonesha, nikamwambia ni ya nini na itaingia wapi. Wengine hunifukuza papo hapo. Nawashukuru, najitanda buibui langu naondoka, na angalau najua nilipowaacha.