Kambare Ndani ya Mzigo wa Majani

Mama mkwe wangu alikuwa ameniahidi ng'ombe. Si ng'ombe wa maneno tu, wa kusema "hawa wote ni wenu". Alikuwa ng'ombe mmoja mwekundu mwenye doa jeupe ubavuni, nikaonyeshwa kwa fimbo pale zizini. Jina lake ninalo mpaka leo, kama nilivyo na majina ya watu wote wa kijiji kile, wazima na waliokufa, na watoto wao kwa kufuatana. Siyaandiki. Wajukuu wao wamesoma, watakuja kuniuliza. Hata ng'ombe simtaji, uzao wake bado uko kwa watu.

Nilitoka kwetu Endagikot nikaolewa Gendabi, miaka ile watu walipokusanywa kuwa kijiji kimoja, nyumba zikapangwa mstari kama meno. Pale nilipoolewa, bi harusi hakupewa ng'ombe siku ya kwanza. Alikamua wa mama mkwe, na mama mkwe akamtazama: anakaaje, anamwachia ndama kiasi gani, mikono yake ina baraka au haina. Akiridhika anakukabidhi ng'ombe wako, na hapo ndipo unakuwa mwenye nyumba. Kabla ya hapo wewe ni mgeni anayefagia. Mimi nilikuwa nimefagia mwaka mzima.

Jambo moja tu lingeweza kuniharibia, nalo lilikuwa samaki. Wazee wetu hawakula samaki. Walimweka kundi moja na nyoka, wakasema mkono uliogusa samaki ukigusa chuchu ya ng'ombe, maziwa yanakauka.

Sasa, chini ya kijiji serikali ilikuwa imechimba lambo la kunyweshea mifugo. Kabla sijaolewa alikuja bwana mmoja kutoka wilayani na madebe mawili ya maji, akasema ndani mna vifaranga vya samaki, ni mradi wa kijiji, watu wapate lishe. Watu wakapiga makofi. Siku zile tulipiga makofi vizuri sana. Akamimina, akaondoka, na hakuna aliyekwenda tena kuwatazama. Mama mkwe ndiye peke yake aliyeuliza jioni, "Kama ni vifaranga, mama yao yuko wapi?"

Wakakaa mle wakinenepa bila bughudha, mpaka alipoletwa mwalimu mpya na mkewe. Mke alikuwa mtu wa Ukerewe, kazaliwa maji pande zote. Tukamwita mama mwalimu ingawa hakuwa na mtoto bado. Alikuwa rika langu, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. Kila asubuhi alikuja kwetu kuchukua maziwa, na mimi ndiye niliyempimia.

"Bi harusi," aliniambia siku moja akinong'ona, "hivi ninyi mna samaki wanarukaruka pale lamboni na mnawatazama tu?"

"Hata kuwatazama hatuwatazami."

"Mwenzako maziwa yamenifika hapa." Akashika koo. "Asubuhi maziwa, mchana maziwa, jioni mtindi. Wiki ijayo nitaanza kulia kama ndama."

"Si uende ukavue. Nani kakukataza?"

"Niende peke yangu? Wakimwona mke wa mwalimu kakaa ukingoni na ufito mkononi watasema kichwa kimeharibika. Twende wote. Wewe unakata majani ya ndama, mimi nafua nguo. Nani atauliza?"

"Na ng'ombe wangu?"

"Wewe hutagusa kitu. Utakaa unatazama tu. Au kutazama nako kunakausha maziwa?"

Nikafikiri. Kutazama sikuwahi kusikia kwamba kunakausha.

Tukaenda mwezi wa sita, siku ambayo mwalimu alikuwa ameitwa mkutanoni Nangwa. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, mlima Hanang umejifunika wingu mpaka kiunoni. Asubuhi ile mama mkwe alinikuta nafukua rundo la samadi.

"Unatafuta nini humo?"

"Mbolea, mama. Ya bustani ya mama mwalimu."

"Mbona unaitia kwenye kikopo kidogo hivyo?"

"Bustani yenyewe ndogo, mama."

Akanitazama, akaenda zake. Ndani ya kikopo mlikuwa na minyoo minene, mizuri kabisa.

Mama mwalimu alikuwa na ndoana mbili alizotoka nazo kwao, amezichomeka kwenye pindo la kanga muda wote ule. Alifunga uzi kwenye fito, akakata kipande cha bua la mtama kiwe kinaelea, akatemea mate mnyoo, akatupa. Mimi nikakata majani. Kando ya lambo palikuwa na majani mabichi hata wakati huo wa baridi, marefu, hakuna aliyeyakata kwa sababu ya kuogopa wale wa majini. Nilipojaza mzigo yeye alikuwa na perege watatu kwenye beseni, chini ya shati la mwalimu.

"Nishikie huu ufito wa pili," alisema.

"Ulisema sitagusa kitu."

"Ufito ni samaki? Huo ni mti."

Nikashika mti. Kile kipande cha bua kikatikisika, kikatulia, halafu kikazama chote.

"Vuta! Vuta, wewe! Unasubiri barua?"

Nikavuta kama ninavyovuta ndama anayezaliwa vibaya, mguu mmoja kwenye tope. Kikatoka kitu cheusi, kirefu kama mkono wangu kutoka begani, hakina magamba, kina ndevu. Nilidhani nimemvua mzee wa baraza. Kikaanguka majanini na kuanza kurudi majini kwa kutambaa, na mimi, Mungu anisamehe, nikakilalia. Kwa mikono miwili, kifua na tumbo.

Mama mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. "Kambare! Bi harusi kavua kambare! Kwetu hapo ungeshapata mume wa pili." Akampiga jiwe kichwani, kambare akanyooka. "Amekufa huyo. Ila kwenye beseni haingii. Mtie ndani ya majani yako, utapita kwangu kwanza uniachie, halafu uende kwenu."

"Una hakika amekufa?"

"Mimi ni mtoto wa ziwani. Nitashindwa kumjua samaki aliyekufa?"

Miaka mingi baadaye alikiri. Alijua vizuri kwamba kambare hafi upesi, anaweza kukaa nje ya maji nusu siku bado anapumua. Alitaka tu nikubali kumbeba.

Nikanawa matope, nikajitwisha. Yeye akabaki kukamua nguo zake, nami nikatangulia. Sijafika njia ya kwenda kwa mwalimu, nani anatokea? Balozi wa nyumba kumi, na rungu lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Majani mazuri hayo. Twende, na mimi nakwenda kwenu, nina maneno na mama mkwe wako juu ya shamba la kijiji."

Ningefanya nini? Bi harusi hamwambii mzee "tangulia". Tukaongozana, mimi mbele yeye nyuma, anahutubia juu ya watu wanaochelewa shamba la kijiji na kuwahi kuondoka. Njia ya kwa mwalimu ikanipita hivi hivi, naiona kwa jicho la pembeni. Hapo ndipo kichwani pakaanza kutembea.

Kwanza kidogo, nikadhani ni mimi. Halafu mzigo ukaenda kushoto. Nikaenda nao kushoto. Ukarudi kulia, nikarudi nao.

"Wewe binti, unacheza ngoma?"

"Baridi, baba. Natetemeka."

"Unatetemeka kwa kwenda upande upande?"

"Kwetu Endagikot tunatetemeka hivyo."

Nafikiri alikuwa anatafakari watu wa Endagikot.

Tulipofika, mama mkwe alikuwa uani. Sikupata hata nafasi ya kupita nyuma ya nyumba. "Tua hapo, umpe ndama," alisema. Nikatua. Ndama akaingiza pua ndani ya majani, akaruka nyuma na miguu yote minne. Kambare akatoka, amegandwa na nyasi, anatambaa uani kwa tumbo kama mtu anayetafuta sindano.

"Nyoka!" mama mkwe akapiga kelele. "Nyoka ana ndevu!"

Balozi alikuwa mtu wa heshima sana, lakini sijawahi kuona mzee akipanda juu ya kinu kwa upesi ule. Akasimama pale juu, rungu mkononi, anasema, "Msisogee! Niachieni mimi!" na yeye mwenyewe hashuki. Akainama huko huko juu, akainua rungu.

Wakati ule ule mama mwalimu akaingia mbio, beseni kichwani. Alikuwa ameniona nikiongozana na balozi akaogopa. Alipoona rungu limeinuliwa alisahau kila kitu, shikamoo akaisahau pia.

"Msimpige kichwani!" alipiga kelele. "Kichwani ndiko kwenye mafuta!"

Wote tukamgeukia. Hata ndama.

Mama mkwe alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama kifua cha gauni langu kilivyong'aa kwa utelezi. Nikaona ng'ombe wangu mwekundu anaondoka, mkia wa mwisho kuonekana. Nikasema moyoni, kesho nipo njiani kwenda Endagikot, na baba ataniuliza nimerudishwa kwa kosa gani, nami nitasema nini? Kwa kitu chenye ndevu?

Lakini mama mkwe hakunigeukia. Alimgeukia balozi.

"Baba, shusha rungu. Huyo si wetu. Aliletwa kwa madebe na bwana wa wilayani. Ukimuua umeua mali ya serikali."

Balozi akashusha rungu haraka. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Basi arudishwe," alisema. "Arudishwe lamboni mara moja."

"Nitamrudisha mimi, baba," akasema mama mwalimu, adabu imemrudia yote kwa pamoja. "Shikamoo." Akamfunika kwa shati la mwalimu, akaenda. Kweli alimrudisha kwenye maji. Maji yenyewe yalikuwa jikoni kwake, yana chumvi.

Balozi alipomaliza maneno yake na kuondoka, mama mkwe akaniita ndani. "Lete mikono."

Nikampa. Akanusa mmoja, akanusa wa pili. Akaniambia nikanawe kwa majivu, halafu kwa mkojo wa ng'ombe, halafu kwa majivu tena. Niliporudi alikuwa ameshika kibuyu kipya. Akachukua mkaa, akachora mstari kwa nje, mahali maziwa ya yule mwekundu yalipokuwa yakifikia kila jioni.

"Kuanzia leo utamkamua wewe peke yako," alisema. "Mimi simgusi. Mwezi mpya ukiandama, kama maziwa yanafika hapa, ng'ombe ni wako. Yakipungua, mikono yako imemharibu, na baba yako nitamweleza mwenyewe."

Na ilikuwa ni wakati wa baridi. Kila mtu anajua wakati wa baridi majani yanakauka na maziwa yanapungua, samaki wawepo wasiwepo. Nafikiri naye alijua.

Siku ya nne yalikuwa yameshuka chini ya mkaa kwa upana wa kidole. Nikaenda kwa mama mwalimu nikalia.

"Ongeza maji," alisema.

"Mama yule anayajua maji hata akiwa amelala."

"Basi mlishe ng'ombe. Ng'ombe ni tumbo. Yale majani ya lamboni si yapo?"

Yalikuwapo. Kuanzia kesho yake nikawa naamka kabla ya wote, nashuka lamboni na mundu, narudi na mzigo mkubwa kuliko mimi. Namwekea yule mwekundu peke yake, namkanda kiwele kwa maji ya moto, nazungumza naye kwa jina. Mama mwalimu alikuja nami kila siku mwalimu akiwa darasani, maana majani yanakatwa vizuri mkiwa wawili. Ndoana zake nazo zilikuja. Sitasema nilitazama tu. Nilitaka kujua huyo mnyama aliyenitia katika matatizo ana ladha gani, na nikaambiwa mafuta yako kichwani. Yapo. Majivu nilitumia mpaka jiko likakosa.

Maziwa yakarudi kwenye mkaa. Wiki ya pili yakaupita.

Jioni mwezi ulipoandama, mama mkwe alikuja zizini na kuinama juu ya kibuyu. Akatazama mstari, akatazama maziwa. Akaonja. Akamzunguka yule ng'ombe, akampapasa mgongo uliokuwa umenona, akachomoa jani moja la lamboni kwenye mdomo wake, akalinusa pia. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akamwita awe shahidi.

"Huyu ni wa mke wako," alisema. "Na ndama wake."

Mimi nikapiga goti, nikashukuru. Alikuwa ameshageuka kuondoka, akasimama.

"Na wewe na mama mwalimu," alisema bila kunitazama, "yule wa ndevu asiingie tena uani kwangu akiwa hai."

Nikasema ndiyo mama. Nikachukua kibuyu changu nikaingia ndani haraka, asiuone uso wangu.