Bustani ya Maua ya Januari

Mimi huisoma barua pepe mara kumi kabla ya kuituma, nisije nikakosea. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya safari hapa Dodoma, kazi niliyojifunza mwenyewe mtandaoni. Ulaya sijawahi kufika. Mama Zulekha, muuza vitambaa wa mjini, alikuja na binti yake, Rukia. Macho ya mama yanafifia, na daktari amemwambia hayatapona.

"Mwanangu, nataka nione bustani za maua za Ulaya kabla sijawa kipofu. Ila nitafutie msimu wa bei nafuu."

Nililinganisha nauli na hoteli za mwaka mzima. Januari ilikuwa rahisi kuliko miezi yote, tena nikasoma kwamba huko mvua hunyesha. Nikafurahi. Kwetu ardhi hukauka miezi na miezi, lakini mvua ikianza tu kila kitu kinachanua.

"Nendeni Januari, mama. Mtakuta kijani kitupu."

Juzi, wakiwa huko Ulaya, walipiga simu ya video. Kwa majigambo nikaita ofisi nzima tuone maua. Tukaona miti iliyopukutika majani kwa baridi ya Januari, matope, na geti la bustani limefungwa kwa kufuli.

Mama Zulekha akasogeza uso kwenye kamera. "Rukia anasema hakuna maua. Mimi nahofia ni haya macho yangu, ila mtoto anaogopa kuniambia. Wewe unaona vizuri, mwanangu. Yapo?"

Ofisi nzima ikanigeukia.

"Hayapo, mama," nikasema.