Chumvi Ukutani, Mwezi wa Ramadhani

Nikifika kwenye nyumba ya mtu na ngazi yangu begani, wa kwanza kukaguliwa ni mimi. Mwanamke, mtandio kichwani, buti za ujenzi miguuni: nani kamtuma huyu? Zamani nilikuwa najieleza kwa upole. Siku hizi nasema mara moja tu. Nimesoma ujenzi chuoni, nimefanya kazi miaka mingi chini ya mhandisi aliyekuwa akinirudisha juu ya paa kila nikimwambia "nadhani", nimesajiliwa, na sichukui hata soda kwa dalali. Tena siitengenezi nyumba niliyoikagua, ili mtu asije kusema nimetafuta nyufa nipate kazi ya kuziziba. Asiyeridhika na atafute mwingine.

Nyumba ninayoikumbuka leo iko Mlingotini, na mwenyewe ni mjomba wangu, kaka yake mama. Alitaka kuiuza ahamie Kiwangwa, kwenye shamba lake la mananasi. Mnunuzi alikuwa muuguzi mjane mwenye watoto, mgeni wa mji, aliyepewa namba yangu na wenzake kazini. Nilimwambia hapo hapo kwenye simu kwamba muuzaji ni mjomba wangu wa damu, ni afadhali atafute mkaguzi asiye ndugu. Akacheka.

"Wewe njoo tu, dada. Nitasimama ubavuni pako, na kila unachokiona unionyeshe nami nikione."

Mjomba ndiye aliyepanga siku, akaiweka ndani ya Ramadhani. Sikushangaa. Nilipofika baada ya adhuhuri nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia marahaba huku amekunjua uso, akamkaribisha muuguzi kwa maneno matamu kuliko tende.

Tulianza nje. Nikaukagua msingi, nikatazama maji ya mvua yanaelekea wapi, nikafunua shimo la choo na kuangalia liko mbali kiasi gani na kisima. Nikapanda juu. Mabati ya upande wa bahari yalikuwa yameanza kutu, lakini kenchi zilikuwa mbao ngumu zisizo na mchwa, na nikasema hivyo kwa sauti, maana nyumba nayo ina haki yake. Ndani nikafungua swichi, nikafuata waya, nikafungulia mabomba yote kwa pamoja. Mjomba alitembea nyuma yetu akisifia kila mlango.

Kisha tukaingia chumba cha uani. Hicho peke yake hakikuezekwa bati. Juu yake pamemwagwa zege, na juu ya zege limekaa tanki la maji. Kwa ubaridi wake, mjomba na mkewe ndimo walimolala, pamoja na wajukuu. Muuguzi alikipenda palepale, akasema watoto wake watalala humo. Mimi nilichokiona kwanza ni rangi. Nyumba nzima ilikuwa imepauka, chumba hiki tu kinang'aa. Nikapanda ngazi, nikagonga juu kwa nyundo, zege likalia kama sufuria tupu, dalili kwamba ndani limeachana.

Kwetu pwani mchanga uko mlangoni, na wengi huuchota ufukweni wakajengea. Chumvi yake huzila nondo ndani ya zege polepole. Sampuli huwa napeleka maabara, lakini kabla ya maabara nina desturi yangu, na ukoo mzima unaijua na kuicheka: nakwangua lipu kidogo, naiweka kwenye ncha ya ulimi.

Nilipochomoa bisibisi, mjomba akatabasamu.

"Aa, mwanangu, una swaumu. Usije ukaiharibu bure. Wewe andika tu mchanga wa mtoni."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Ramadhani. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Mjomba wangu hajapika futari tangu azaliwe. Angekuwa amesimama jikoni siku moja tu, angejua kila mwanamke wa nyumba hii huonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua, na funga yake ikabaki salama. Mkewe alikuwa akifanya hivyo muda ule ule, hatua chache kutoka tuliposimama.

Nikakwangua. Nikaonja. Nikatemea dirishani.

"Chumvi," nikasema. "Tena imezidi."

Mke wa mjomba akatokea mlangoni na kopo la maji nisukutue. Sikuwa nimemwita.

Nikatoboa zaidi, nondo ikaonekana, imevimba na kumenyeka magamba ya kutu. Nikamwonyesha muuguzi. Nikamwambia zege hili litashuka, siku siijui, na asinunue mpaka livunjwe na kumwagwa upya. Alilitazama muda mrefu, akamshukuru mjomba kwa adabu, akaondoka.

"Umeniaibisha mbele ya mgeni," mjomba akasema. "Chuo hicho nani alikupeleka?"

"Wewe, mjomba. Na nikasoma."

"Tumelala humu miaka yote! Limeanguka?"

"Toeni maji kwenye tanki leo hii, na mtu asilale humu tena. Usiniombe nikuandikie vingine. Sitaandika."

"Nyumba ni yangu. Nitalala nitakapo!"

Nilikunja ngazi yangu bila kuomba radhi, na mpaka leo sijaiomba. Nikiwa uani nafunga buti, mke wa mjomba alitoka jikoni, mikono ina unga. Aliingia chumbani akatoa magodoro ya wajukuu, moja moja, akayapeleka chumba cha mbele. Akarudi akatoa godoro lake. La mumewe akaliacha humo humo, akafunga mlango, akaenda kumalizia futari.