Madoa ya Mlango wa Nyuma

Gari chafu halinikasirishi. Linalonikasirisha ni gari lililosafishwa nusunusu, boneti inang'aa kama sufuria ya arusi huku madigadi yamepauka, na mwenyewe anatembea nalo kifua mbele. Hasira hiyo niliitoa jeshini wakati wa vita, nilipowekwa katika karakana ya magari ya maofisa. Huko nilifundishwa kwamba rangi iliyopauka haijafa. Jua limeichoma juu tu ikawa unga, na chini ya unga huo rangi yenyewe imelala, inangoja mtu mwenye subira. Nilirudi Ukambani na mikebe miwili ya dawa ya kusugulia, kipande cha ngozi laini ya kondoo, na kiburi kingi. Hicho kiburi ndicho ninachotaka kukisimulia.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa Emali, nyuma ya stesheni, nikifanya kazi chini ya banda la mabati. Kwetu ni Kathonzweni, lakini Kathonzweni ya siku zile ungeng'arisha nini, pembe za ng'ombe? Siku moja dereva wa lori, Mkamba mwenzangu wa upande wa Mwingi, alisimama akanitazama nikimaliza gari la mwalimu mmoja. Kisha akaniomba nifuatane naye hadi Nuu, kwa wakwe zake.

Baba mkwe wake, karani mstaafu, alikuwa amenunua gari kuukuu jeusi kutoka kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Mzee hakujua kuendesha. Aliketi nyuma, upande wa kushoto, na mkwewe akashika usukani kila alipopata nafasi. Safari ya mwisho walikuwa wakitoka Mwingi. Dereva alimuuliza mzee jambo, hakujibiwa, na kwa heshima ya ukwe hakugeuka kumtazama. Akaendelea na safari. Walipofika nyumbani akafungua mlango wa nyuma, akamkuta mzee ameshakuwa baridi. Hakujua ni maili ngapi alizokuwa akiendesha maiti.

Tangu hapo gari lilikaa juani miaka mitatu. Na katika miaka hiyo mke wa dereva, mtoto pekee wa yule mzee, alizaa mara mbili akazika mara mbili, maana watoto walikuwa wakilala kingamo tumboni na hospitali iko mbali, Kitui mjini. Sasa mimba ya tatu ilikuwa imekaribia, naye alikuwa amerudi kwa mama yake kungojea siku zake. Dereva aliomba ruhusa kazini, akatengeneza injini ya lile gari mpaka ikawaka. Lakini mke alikataa hata kulikaribia.

"Fundi," aliniambia, "hii gari nataka ing'are kama mpya. Bibi yangu akiiona iko mpya, ataingia. Asipoingia, huyu mtoto nitamzika kama wale wawili."

Nikamwambia aniachie siku nne.

Tulifika Nuu juu ya magunia ya lori la watu wengine. Dereva alinionyesha boma kwa mbali, kisha akaenda kulala kwa rafiki yake sokoni. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani, kila mmoja huingia kichakani upande wake mpaka mwenzake apite. Tunaiita nthoni, na haina mchezo. Hivyo dereva alikuwa akija hadi kwenye ua wa miiba tu, na neno lolote la mama mkwe lilibidi lipitie kwa mtu mwingine. Kwa siku zile nne, mtu mwingine huyo nilikuwa mimi.

Gari lilikuwa limesimama nje ya ua, chini ya kibanda kilichobaki nguzo tu. Paa, boneti, milango, vyote vilikuwa vimepauka rangi ya majivu. Nikeli ya bampa ilikuwa na vidoa vya kutu, na mipira ya madirisha imekakamaa. Nililiosha kuanzia juu kwenda chini kwa maji yaliyoletwa na punda, nikapitisha nyuma ya mkono juu ya rangi kama nilivyofundishwa, maana nyuma ya mkono husikia zaidi ya kiganja. Rangi ilikuwa nzima. Nikaanza na boneti, sehemu ndogo kama leso kwa wakati mmoja, nikisugua kwa mistari iliyonyooka, kutoka taa kuelekea kioo. Kitambaa kilitoka cheusi, na nyuma ya kitambaa weusi ule wa ndani ukafunguka. Nilifurahi kama mtoto.

Kuna mambo nilianza kuyaona ambayo sikuyapenda. Nuu kuna jua ambalo adhuhuri huua kila sauti, na mbuzi wa boma lile walikuwa wakigombania kila kivuli, hata kivuli cha pipa la maji. Kivuli cha gari hawakukigusa. Walilala juani, hatua tano kutoka pale, wakilitazama. Halafu kiti cha nyuma. Ngozi yake niliipaka mafuta ya mbarika mpaka ikalainika, nikaingiza mkono chini, nikazinyoosha springi zote. Upande wa kushoto palikuwa na bonde la makalio ya mtu. Nililiinua likainuka. Nilipokwenda kunywa maji na kurudi, lilikuwa limebonyea tena, na ngozi yake ilikuwa na joto ingawa jua halikufika pale.

Nilijiambia springi zimechoka. Niliona maiti wengi vitani, sikuwa mtu wa kubabaishwa na kiti.

Siku ya pili mama mkwe alitoka bomani na kibuyu cha uji. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyetumia maneno mawili penye moja. Alizunguka gari, akasimama kwenye mlango wa nyuma wa kushoto. Hapo, na juu ya paa, palikuwa na madoa ambayo nilikuwa nimeyaacha ya mwisho kwa sababu yalikuwa magumu. Yalikuwa mepesi rangi yake, ya mviringo, kama matone ya mvua ya kwanza vumbini, ila yalikuwa yameila rangi.

"Haya usiyaondoe," alisema. "Mume wangu alipotolewa humu tulichinja mbuzi. Bibi mmoja wa hapa alichanganya ya tumboni mwa mbuzi na majani, akalinyunyizia. Haya ndiyo yanayomwambia binti yangu kwamba baba yake alishuka. Nimemwahidi hayataguswa, na amekubali kuingia kwa ajili ya haya. Mwambie mwenzako. Mimi siwezi kumwambia."

Nikasema, "Nimesikia, mwaitu," nikimwita mama kwa lugha yetu.

Ng'ondu, maji yetu ya utakaso, niliyajua tangu utotoni. Sikuwa mgeni, siwezi kujitetea hivyo. Lakini jioni dereva alipokuja uani kuuliza habari, nilimweleza habari za nikeli na za mpira, na madoa sikuyataja. Niliwaza: gari zima liwe kioo, halafu juu yake nibakize madoa ya tumbo la mbuzi? Watu wangesema fundi wa Emali alichoka njiani. Tena niliwaza kwamba mwanamke akiona kitu kizuri husahau, na hapo nilikuwa mjinga mara mbili. Mjumbe hauawi, ndivyo wanavyosema wahenga, lakini hawasemi afanywe nini mjumbe aliyemeza ujumbe.

Siku ya tatu niliyashambulia. Madoa ya paa yalitoka mapema. Ya mlango yalikuwa matatu, karibu na kishikio, na yalinichukua tangu asubuhi hadi jua la utosi. Nilipokuwa nikisugua lile la mwisho, rangi ilikuwa imeshakuwa kioo kiasi kwamba nilijiona humo, na nyuma yangu nikaona mtu mzima wa kiume, amekaa, magoti pamoja, kofia mapajani. Niligeuka. Nyuma yangu palikuwa na mbuzi wale wale, juani. Nilipotazama tena mlangoni niliona uso wangu tu. Basi nikapaka nta, nikaisugua kwa ngozi ya kondoo mpaka mkono ukafa ganzi, na sikuinua macho tena mpaka nilipomaliza.

Siku ya nne dereva alimwita mkewe. Mama alibaki ndani, kwa sababu mkwe alikuwa hapo. Yule mwanamke kijana alikuja polepole, mkono kiunoni, tumbo limeshuka. Alipoliona gari alitabasamu, na mumewe akanitazama kwa furaha ambayo sijaisahau. Kisha akazunguka hadi mlango wa nyuma. Akainama, akapapasa karibu na kishikio.

"Yako wapi yale ya mama?"

"Nini yako wapi?" mumewe aliuliza.

Wote wawili wakanitazama mimi. Nikasema ilikuwa kinyesi cha ndege, nimekisafisha.

Mwanamke alikuwa bado ameinama, akitazama ndani ya weusi wa mlango. Sijui aliona nini. Alifanana na baba yake, watu wote walisema, na huenda aliona uso wake mwenyewe. Alirudi nyuma hatua mbili, akasema kwa sauti ndogo, "Amekaa." Halafu akasema atazalia mkekani kama kawaida, akaingia ndani. Dereva alidhani mimba imempanda kichwani. Aliniomba radhi mimi, akisema mke wake amenivunjia heshima. Nikamwambia si kitu.

Uchungu ulimshika asubuhi iliyofuata, nikiwa nimeketi na mizigo yangu nikingojea lori. Mkunga alitoka nje kabla ya saa nne, akasema mkono ndio umetangulia. Dereva aliwasha gari, akalisogeza hadi uani, akaliacha linanguruma. Ndani tulimsikia mkewe akisema hapana, hapana, hatakaa naye. Mumewe alikuwa akizunguka lile gari, akilipiga kiganja, akiliuliza lina nini. Mimi nilijua lina nini. Maneno yalinifika kooni, nikayarudisha. Niliogopa. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Ndipo mama akatoka.

Alitoka kwa mlango wa mbele, kichwa wazi, akanyoosha moja kwa moja kwa mkwewe. Dereva alipomwona alifunika uso kwa mkono, akageuka kutafuta kichaka.

"Usigeuke," mama alisema. "Nitazame. Mimi ndiye ninayesema nawe. Shika usukani."

Mkunga aliziba mdomo. Mimi nilitazama chini, kama mtu aliyefumania watu wazima uchi. Mama akaniambia nifungue mlango wa nyuma wa kushoto, nikaufungua. Aliinama akatazama kile kiti. Akakiambia, si kwa ukali, kama mke anavyomwambia mumewe kitandani, "Sogea. Mwanao anaumwa."

Akaingia akaketi katika lile bonde. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, nikasikia springi za upande wa pili zikilia, upande ambao hapakuwa na mtu. Mama aliita jina la binti yake. Wanawake walimleta, akatazama, akamwona mama yake ameketi pale alipopaogopa, akapanda akalala mapajani mwake. Gari likaondoka, mkwe na mama mkwe ndani ya chombo kimoja, wakipumua hewa moja, kwa nusu siku nzima ya barabara.

Ningeweza kupanda lori langu. Sikuweza. Niliwachotea maji punda, nikakarabati ua, nikawa nalala kwenye ghala. Siku ya nne tangu waondoke walirudi. Mtoto alikuwa hai, wa kike, na mama yake alikuwa hai, amepauka lakini anacheka. Watu walipiga vigelegele. Mama mkwe alishuka wa mwisho, akanifanyia ishara nisogee.

Alikuwa amesimama kwenye mlango. Karibu na kishikio, juu ya rangi niliyoisugua mpaka mkono ukafa ganzi, yalikuwepo madoa matatu, pale pale.

Sababu naijua. Kidonda cha rangi kikiwa kirefu, nta hukijaza ukadhani kimepona, na joto la safari likiila ile nta, kidonda hurudi. Vijana wengi nimewaeleza hivyo. Lakini nta yangu hukaa miezi mitatu, na paa, lililopigwa na jua lile lile, halikuwa na doa hata moja.

"Ulidhani yametoka," mama alisema. Alinitazama mpaka nikaelewa kwamba alijua: mkwewe hakuambiwa kitu. Wakiwa njiani walikuwa wamezungumza, ilibidi, ila kosa langu inaonekana hakumfichulia. Nikangoja aseme mbele ya watu. Hakusema.

Juma lile lile dereva alileta mbuzi dume mweupe, kwa sababu nthoni ikivunjwa lazima itengenezwe, na anayeitengeneza ni mkwe, hata kama si yeye aliyeivunja. Alimleta uani, uso amegeuza pembeni, akaomba radhi kupitia kinywa cha mkunga kwa kumwona mama mkwe wake uso kwa uso. Nilikuwa karibu naye, ningeweza kumgusa bega, na hapo bado palikuwa na nafasi ya kusema.

Mbuzi alichinjwa. Nyama ilipoiva mama alikata kipande kinono cha mbavu kwa mkono wake mwenyewe, akampa mkunga, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mpelekee fundi. Na yeye ale."

Dereva alinisukumia chumvi. Nikakila chote.