Rangi ya Midomo ya Ishbel

Miaka ishirini na sita nimesimama nyuma ya kaunta ya vipodozi katika duka la dawa hapa Greenock, mji wa bandari, na kitu ninachojivunia ni jicho. Mwanamke akiingia, hata mwavuli hajafunga, nimeshajua midomo yake inataka rangi gani. Wasichana wa siku hizi wanataka midomo imevimba kama imeumwa na nyuki. Nawauzia, shauri yao. Lakini lipglosi laini, ile ambayo mtu akiipaka hujui kama kapaka, hiyo si kazi ya kila mtu. Hiyo ni kazi yangu mimi, Senga.

Kwa hiyo Bi Ishbel Rankine aliposimama mbele yangu mwezi wa kumi, nilicheka. Mama wa miaka sabini na mmoja, binti wa mzee wa kanisa, hakupaka hata poda siku ya harusi yake. Miaka yote alikuja kuchukua dawa za mumewe Wattie, ambaye akili zilikuwa zimemtoka, na kaunta yangu aliipita kama anapita kilabu cha pombe.

"Nataka kitu cha mdomo," alisema, skafu imemfunika mpaka puani. "Kisionekane."

"Makubwa! Nani huyo, dada? Yule muuza samaki?"

"Mjinga wewe. Punguza sauti."

"Haya, toa skafu. Vuta mdomo wa chini nione kwa ndani." Ndani ndiko inakotafutwa rangi ya kweli ya mtu, juu baridi imeshaharibu.

Alitazama mlangoni, kisha akavuta. Nje na ndani, midomo yote ilikuwa rangi ya zambarau. Kicheko kilinikauka.

"Dada, huo ni moyo. Daktari yuko hapo ng'ambo ya barabara. Twende sasa hivi."

"Najua ni moyo. Wa kwangu huu, sio wako." Alikuwa anahema kila baada ya maneno matatu. "Nikienda watanilaza. Wakinilaza, Wattie anachukuliwa, anatupwa popote penye kitanda. Mke wa jirani yetu Fergus si alikwenda wiki moja tu kutolewa nyongo? Karudi, mume yuko maili arobaini, kafungiwa mlango, mkewe hamjui tena. Wattie hafiki Pasaka, figo zimekwisha. Nataka afie kwenye kitanda chake. Nikishamzika, nitajipeleka hospitali mwenyewe."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kiniumbue, lakini Wattie atangulie. Sasa yule nesi mdogo anayekuja kumwangalia Wattie kila Jumanne ameanza kunitazama midomo. Kucha nimeshazipaka. Bado hapa."

Akatoa picha kwenye pochi. Yeye na Wattie ufukweni Largs, vijana, wana aiskrimu mkononi na upepo umewavuruga nywele. Akaweka kidole juu ya mdomo wake. "Nirudishie huu."

Mwenye akili angekataa. Mimi nilianza kufungua vichupa.

Rangi ya mchanga ilimfanya kama maiti. Ya waridi ikachanganyika na ile zambarau, ikawa mbaya zaidi. Lipglosi ni kama kioo, cha chini chote kinaonekana. Ndipo nikakumbuka kwamba rangi ya chungwa huua bluu, hata ile iliyomo kwenye zambarau. Nikampaka kwanza kalamu ya midomo ya rangi ya chungwa hafifu, nikamwambia abane karatasi kwa midomo, nikapaka tena, kisha juu yake lipglosi ya rangi ya chai ya maziwa, kidogo sana, nikaisambaza kwa kidole. Ugonjwa ukatoweka. Pale palibaki mama aliyepigwa na upepo wa bandarini, basi.

Alijitazama kwenye kioo, akaitazama na ile picha.

"Ehe," alisema. "Sikuwa mbaya."

Asubuhi tatu mfululizo alikuja nimfundishe, maana hakuwahi kupaka midomo maishani, na nikamwahidi sitamwambia mtu. Nilimpenda. Nataka lijulikane hilo, ingawa halinisaidii kitu.

Mwezi wa kumi na moja Eilidh, yule nesi, aliingia kuchukua bandeji, akaja kusimama kwangu kupiga soga.

"Anti, umemwona Bi Ishbel? Amenawiri! Nilikuwa na wasiwasi naye, nilishataka kumwita daktari amwone nyumbani. Sasa naona ana nafuu."

Kweli ilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Nilimfikiria Wattie akiburutwa na watu asiowajua. Nilifikiria ahadi yangu. Lakini nikisema kweli, kwanza kabisa nilisikia raha. Nesi, mtu wa kazi, alitazama kazi yangu kwa karibu asiione.

"Kweli, mwanangu," nilimjibu huku natabasamu. "Amependeza."

Mwezi wa pili, Jumanne asubuhi, Ishbel alijipaka kumsubiri nesi, akaanguka jikoni asiinuke tena. Wattie alikuwa bado hai.

Eilidh alikuja dukani siku ya nne yake, hana sare, nywele hazijachanwa. Alingoja mpaka mteja akatoka.

"Nilimkuta sakafuni," alisema. "Mzee amekaa chini, anamsukasuka nywele, anamwambia amka tunywe chai. Nikasema amezimia tu huyu, midomo si ina rangi? Vifaa vya kushtulia moyo viko garini, sikuvikimbilia. Nilipoona hahemi, nikampulizia pumzi kwa mdomo wangu. Nilipoinuka, anti, wake ulikuwa zambarau tupu, na ile rangi yote iko kwangu."

Alijifuta mdomo kwa kiganja, kama rangi bado ipo.

"Hakufanya peke yake. Mama yule hata kioo cha maana hakuwa nacho. Nani alimfundisha?"

"Mimi."

"Siku ile nimekuja hapa kuchukua bandeji, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kuna vidonge vya moyo, Senga. Angekunywa vidonge nyumbani kwake, angemzika mumewe. Hakuna mtu angemlaza miezi yote hiyo." Aliacha kuniita anti, wala hakupandisha sauti. "Wattie wamempeleka jana nyumba ya wazee huko Dumfries, mbali kabisa. Alishika fremu ya mlango, wakambandua vidole kimoja kimoja."

Nilitaka kumwambia kwamba aliniomba, kwamba niliahidi, kwamba ningejuaje habari ya vidonge, mimi muuza rangi. Yote yalikuwa kweli. Lakini yeye akauliza kitu kimoja tu.

"Nilipomsifu, mbona ulitabasamu?"