Mtungi ambao Wafula alibeba asubuhi

Aliye karibu na Lugulu saa hii asome hii hadi mwisho.

Mnajua mimi hutengeneza waini ya nanasi hapa nyumbani Kitale, ya kujifurahisha tu.

Leo asubuhi shemeji yangu Wafula alipitia akienda matangani Webuye. Nilikuwa shambani, nikamwambia kwa simu, "Chukua mtungi mmoja pale stoo, upelekee wazee."

Nimerudi mchana nikapata waini yote iko. Uliochukuliwa ni mtungi wa spiriti ya kuoshea chupa, unaofanana na ile ya waini. Hiyo ni sumu.

Nikampigia Wafula simu. Akashika. Nyuma yake watu wanaimba.

"Wafula, mmefungua huo mtungi?"

"Bado, shemeji. Tunangoja mwili ufike."

Nikamwambia amwage yote nikisikia. Nikasikia ikimwagika, nikakaa chini, nikamshukuru Mungu.

Halafu akaniuliza polepole, "Na ile chupa nilimjazia Mzee Barasa njiani, hapo Lugulu?"

Mzee Barasa anaishi peke yake. Hana simu.

Wafula amepanda boda, mimi pia niko njiani. Tafadhali, yeyote anayemjua, mfikie kabla yetu.