Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Mama Nyemo

Niliondoka Dodoma nimekasirika, na kisa chenyewe ni barua. Mtendaji wa kijiji kimoja upande wa Mpwapwa, ambacho sitakitaja kwa kuwa wenyewe bado wapo, aliliandikia shirika letu kwamba mjane mmoja, Mama Nyemo, ameachwa kwenye msaada wa unga na mbegu huku watoto wake wanne wanashinda njaa. Aliyemwacha ni mimi. Miezi mitatu nyuma nilifika kwake na dodoso langu, nikakuta zizini ng'ombe kumi na mmoja, nikawahesabu kwa kidole mmoja mmoja, nikaandika. Mwenye ng'ombe kumi na mmoja ni maskini wa wapi? Niliona nimeitwa mwongo.

Mimi ni mtoto wa mjini Dodoma. Babu zangu walikuja na misafara ya biashara wakalowea. Kwa miaka mingi nilikuwa bibi maendeleo serikalini, mpaka ilipokuja ile habari ya kupunguza wafanyakazi. Ni miaka ile ile kila kitu kilipofunguliwa: maduka, mabasi ya watu binafsi, mitumba, na vibao vya mashirika ya misaada kila kona. Shirika moja likanichukua niwe mdodosaji.

Mratibu wetu, kijana msomi na mwenye adabu, alitufundisha siku tatu kabla ya kututuma vijijini. Alisema Ulaya ya zamani, miji ilipojaa mafukara, kila kanisa na kila tajiri aligawa mkate bila kuulizana na mwenzake. Wakatokea watu wakataka kuitengeneza sadaka iwe na utaratibu. Wakaweka watembeleaji wa kupita nyumba kwa nyumba kutenganisha maskini anayestahili na asiyestahili. "Walikuwa na nia njema," alisema, "lakini walipima tabia. Sisi hatumwulizi mtu kama anasali au anakunywa. Tunapima hali yake, tunawapa baadhi, halafu tunafuatilia kaya zote, zilizopewa na zisizopewa, tuone kama msaada umesaidia kweli." Mimi niliyezoea kugawa mablanketi na kuondoka nilipenda maneno yale. Niliona hatimaye tumepata njia isiyo na upendeleo.

Jumatatu asubuhi nilipanda basi. Tulipita Nzuguni, tukapita Mtumba, nchi imekauka kila upande, na hadi Mbande vumbi lilikuwa limetubadilisha rangi sote. Kando ya barabara niliona wanawake wenye vikapu vitupu wakienda kuhemea chakula vijiji vya mbali, nikageuza uso. Jioni nilikuwa Mpwapwa, nikalala gesti. Mratibu alikuwa ameniambia nithibitishe tu. Orodha ya mwaka ule ilikwisha kufungwa; kama kuna kosa lingerekebishwa mwaka unaofuata, ilimradi kaya yenyewe iendelee kuhesabiwa.

Jumanne saa nne asubuhi lori la chumvi lilinishusha njia panda, nikatembea mpaka kijijini. Nilikwenda moja kwa moja zizini, wala sikusalimia kwanza, Mungu anisamehe. Zizi lilikuwa tupu. Samadi imekauka mpaka imepasuka.

"Mbukwenyi," sauti nyuma yangu ilinisalimia kwa Kigogo. Alikuwa Mama Nyemo, amekonda kuliko nilivyomwacha.

"Ng'ombe wako wapi?" niliuliza.

"Mwenyewe amewachukua."

"Mwenyewe nani? Si wako?"

"Dada, ng'ombe wale ni wa Mzee Lemanya, wa kitongoji cha pili. Aliniwekea niwatunze. Ndama ni wake, maziwa ni yangu. Huku kwetu ndivyo tunavyoishi. Mtu mwenye mali hajazi zizi lake, anawatawanya kwa watu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza wako wangapi. Hukuuliza ni wa nani. Na mimi nimtaje mwenye mali mbele ya mgeni mwenye karatasi?"

Nikaketi juu ya kinu kilicholala pale uani. Akaendelea kunieleza taratibu, bila kunilaumu, jambo lililoniumiza zaidi. Wiki moja baada yangu, Mzee Lemanya alisikia kuna mwanamke wa mjini amehesabu ng'ombe wake kwa kidole. Akaja alfajiri akawaswaga wote kumi na mmoja. Hivyo unga watoto wale waliukosa kwa sababu ya ng'ombe, na maziwa wakayakosa kwa sababu yangu.

Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda. Nilikula kidogo nikasema nimeshiba, na kila mtu pale alijua nadanganya. Aliyekaa nami ni mama mkwe wa Mama Nyemo, Bibi Matika, ajuza mwenye macho mabovu na ulimi mkali. Niliposema shikamoo aliitikia, kisha akauliza kazi yangu ni nini hasa. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, hiyo kazi nimeifanya mimi kabla hujazaliwa!"

Loh! Nikamkazia macho. Kumbe enzi za ukoloni, akiwa binti, alikuwa mkalimani wa bibi mmoja wa misheni aliyepita nyumba kwa nyumba na daftari wakati wa njaa.

"Yule bibi hakuwa mbaya," alisema. "Alijua majina ya watoto wote, na mgonjwa alimwosha kwa mikono yake. Lakini alitaka ajue nani anastahili. Mimi kazi yangu ilikuwa kunusa mitungi. Nikinusa pombe, anaandika mlevi, na mlevi hapewi kitu. Nyumba moja nilinusa, nikasema ipo. Akaandika."

"Na walikuwa walevi?"

"Walevi wapi! Mama wa watu amepika pombe ili majirani waje wamlimie shamba. Shamba bila pombe nani atakulimia? Mimi Mgogo halisi, najua vizuri, na nikanyamaza. Nilitaka yule bibi aone mimi ni hodari." Alifuta macho kwa upindo wa khanga. "Mtoto wao mmoja alikufa mwaka ule. Hatukurudi tena nyumba ile. Wewe angalau umerudi, ila umerudi mikono mitupu."

Nilikwenda huko na kiburi kwamba sisi hatufanani na wale wa zamani. Kwa kweli hatufanani: sikunusa mtungi wa mtu, na nililetwa tena na utaratibu unaokubali kuulizwa. Hata hivyo mimi na Bibi Matika tulikuwa tumefanya kosa moja, na watoto waliolipa hawakuwa wetu.

Jumatano asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilikwenda kwa Mzee Lemanya. Zizi lake nalo lilikuwa tupu, maana alikwisha kuwahamisha ng'ombe kwa watu wengine. Ndani, pembeni ya mlango, nikaona gunia la unga lenye alama ya shirika letu. Wallahi nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Tulimpa kwa sababu hana ng'ombe.

"Mzee, unga huu umeupokea kwa haki?" nilimuuliza.

"Mmeleta wenyewe, nikatae?" Alitazama pembeni. "Mama, tangu kijana naziona karatasi hizo. Karatasi ikishahesabu ng'ombe, kinachofuata ni mtu wa kodi."

"Sisi si watu wa kodi."

"Wote husema hivyo."

Nilimwomba, nikamsihi. Nilimwambia kosa ni langu, wala si la yule mama, na watoto hawana maziwa. Mwishowe alisema atamrudishia ng'ombe wanne, wawili wanaokamuliwa, kwa sharti moja: nyumba ya Mama Nyemo isihesabiwe tena, mwaka huu wala mwaka ujao. Asikanyage mtu pale na karatasi.

Nilirudi kwa Mama Nyemo nikamweleza yote bila kumficha. Akikubali kuhesabiwa, mwaka ujao jina lake litasahihishwa na atapata unga na mbegu. Akikubali ng'ombe, anatoka kwenye utafiti na msaada wetu hautamfikia. Nilimsihi afikiri mpaka kesho yake.

"Kuna nini cha kufikiri?" alisema. "Mwaka ujao ni mbali. Leo nitawapa hawa nini?"

Jioni ile ng'ombe wanne waliingia zizini. Sikuwahesabu, niliambiwa na Bibi Matika.

Alhamisi nilirudi Dodoma, na Ijumaa nilimkabili Mratibu. Nilimwomba gunia moja tu, limfikie Mama Nyemo kimya kimya. Alisikitika kweli, nilimwona, lakini alikataa. "Bi Zuhura, tukianza kumpa kila aliyetuumiza roho, hatutajua kamwe tulipokosea." Nilimjibu vibaya, na sijutii. Lakini haki yake nampa: siku hiyo hiyo alibadilisha dodoso, akaongeza swali la ng'ombe ni wa nani. Mwaka uliofuata swali hilo liliibua, kijiji baada ya kijiji, wajane wenye mazizi yaliyojaa mali ya watu wengine, na walipewa unga. Bibi wa misheni, pamoja na kujua majina ya watoto wote, hakuwa na njia ya kugundua kosa lake. Sisi tulikuwa nayo. Nilichojifunza ni kwamba njia hiyo huwafaa wanaofuata, na yule tuliyejifunza kwa kumkosea hubaki pale pale tulipomwacha.

Kabla ya kufunga jalada, nilitakiwa kuandika kwa nini kaya ya Mama Nyemo imetoka. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: amehama, amefariki, amekataa. Nilikaa nayo mezani hadi ofisi ikabaki tupu. Halafu nikatia alama kwenye "amekataa", nikaweka sahihi yangu.